Mama anataka kuyaona majani mekundu ya Japani: Oktoba au Novemba?

*"Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kiume anasoma Nagoya, na mama yetu (miaka 67) ana hamu ya kwenda kumwona na kuyaona kwa macho yake yale majani mekundu anayoyaona kwenye simu. Nimepata tikiti ya bei nafuu, tarehe 3 hadi 14 Oktoba, na nimeambiwa tarehe 9 na 10 kuna tamasha la majani Takayama, mji wa kale wa milimani. Mdogo wangu anasema tuachane na Takayama, twende Asuke, ni karibu na kwake. Mama ana magoti mabovu na anatumia dawa za presha. Hatujawahi kukaa penye baridi, na nasikia majani yenyewe hugeuka rangi kwa kuunguzwa na barafu. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula nacho kinanitia wasiwasi. Nilipe hiyo tikiti? Nipo Tanga."*

Marahaba, binti yangu. Nianze na swali lako la mwisho: usilipe. Ukitua Nagoya tarehe 3 Oktoba utakuta milima ya kijani kibichi kama ya Amani, watu wamevaa mikono mifupi, na huenda mkanyeshewa, kwa sababu kule mvua nyingi na vimbunga huwa Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Utamrudisha mama Tanga akiwa amemwona mwanawe, jambo ambalo si dogo, lakini majani atabaki kuyaona kwenye simu.

Aliyekwambia habari ya Takayama hakukudanganya, amechanganya tu mambo mawili. Tarehe 9 na 10 Oktoba kuna tamasha kweli, na ni kubwa: ni la hekalu la Sakurayama Hachimangu, ambapo magari 11 ya mbao, marefu kama nyumba ya ghorofa na yenye nakshi na dhahabu, hutolewa kwenye maghala yake na kuonyeshwa mjini. Mwaka 2016 UNESCO iliyaorodhesha matamasha ya namna hiyo ya Japani, la Takayama likiwemo, kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtu akipenda mafundi wa kale ningemwambia aende bila kusita. Ila ni tamasha la mavuno na la miungu yao, halihusiani na majani. Majani ya Takayama mjini hukolea mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, wakati magari yale yameshafungiwa.

Neno lenyewe nalo limechangia kuwapoteza. Vitabu vyetu huita majira yale "vuli", na kwa mtu wa Tanga vuli ni mvua za kuanzia Oktoba. Kwa Wajapani ni majira ya majani kupukutika, yanayohesabiwa kuanzia Septemba. Ila kalenda ikisema vuli imeingia, mti haujui habari hiyo. Mti unasubiri ubaridi.

Hapo tunafika kwenye barafu. Barafu haichomi majani yakawa mekundu. Ikiwahi kuanguka, huyaua yakiwa bado kazini, yakawa ya kahawia na kujikunja, na msimu unaharibika. Ushahidi unao hapo hapo kwenu: uangalie mkungu wa pwani. Kabla ya kuangusha majani, mkungu huyageuza mekundu kabisa, na Tanga haijawahi kuona barafu nje ya friji. Kinachotokea kule Japani ni cha ukoo mmoja na hicho. Siku zinapofupika na usiku kupoa, mti huanza kujenga kizibo chembamba pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi. Rangi ya kijani, klorofili, inavunjwavunjwa na mti unarudisha virutubisho vyake shinani. Chini ya kijani kulikuwa na manjano siku zote, ya karotenoidi, jamaa za rangi iliyomo kwenye embe bivu; sasa yanaonekana kwa sababu kilichoyafunika kimeondoka. Nyekundu ni habari nyingine. Haikuwemo. Jani huitengeneza upya katika siku zake za mwisho, kwa sukari iliyokwama ndani baada ya kizibo kuanza kubana njia. Inaitwa anthosianini, na ni ya jamii ile ile ya rangi inayoipa juisi ya rozela wekundu wake.

Kwa nini nakuchosha na mambo ya mimea? Kwa sababu tarehe yako ya safari inatoka humo. Ili sukari itengenezwe, panahitajika mchana wa jua. Ili kijani kivunjike na kizibo kijengeke, unahitajika usiku wa baridi isiyofika kuganda. Wanaofuatilia majani huangalia siku ambazo joto la alfajiri linashuka hadi nyuzi 8 hivi. Hapo rangi inaanza, na likikaribia nyuzi 5 inakwenda mbio. Ndiyo maana rangi huanzia kaskazini, milima ya Hokkaido mwezi Septemba, ikateremka kusini hadi Desemba. Katika mlima mmoja pia hushuka kutoka kileleni kwenda bondeni. Takayama iko mita 570 hivi juu ya usawa wa bahari, Asuke iko chini zaidi na kusini zaidi, kwa hiyo huchelewa. Asuke panakolea kati ya katikati na mwisho wa Novemba.

Sasa, mdogo wako anajua anachosema. Asuke ni mji mdogo wa bondeni kwenye njia ya zamani ya chumvi. Chumvi ya pwani ya Mikawa ilipandishwa kwa mto mpaka karibu na hapo, ikafungwa upya kwenye magunia ya kubebwa na farasi, kisha ikavushwa milima kwenda Shinshu, nchi isiyo na bahari, ambayo leo ni mkoa wa Nagano. Mji ulineemeka kwa wenye maduka na nyumba za wageni. Mwaka 1775 moto uliuteketeza, na waliojenga upya walizipaka kuta chokaa nzito nyeupe mpaka chini ya mapaa ili moto usiruke tena nyumba hadi nyumba. Nyumba hizo ndizo mtakazopita katikati yake, na tangu 2011 serikali inazilinda kama mtaa wa kihistoria. Kuna uchochoro mmoja unaoitwa Manrin, ukuta mweusi wa mbao upande huu na wa chokaa upande ule, unapanda kidogo na kupinda usione mwisho wake. Mtu aliyezoea vichochoro vya Pangani au Mji Mkongwe hatapotea humo.

Na hili mwambie mama, atacheka: kiutawala Asuke imo ndani ya Jiji la Toyota tangu 2005. Ndiyo, Toyota hiyo hiyo. Jiji lilikuwa likiitwa Koromo, likabadilishwa jina mwaka 1959 kufuata kampuni. Mama aliyepanda Hiace miaka yote kati ya Tanga na Muheza atakuwa ameenda kuwasalimia nyumbani kwao.

Bonde la majani lenyewe linaitwa Korankei, hatua chache kutoka mjini, Mto Tomoe unapopita chini ya mlima Iimori. Mwaka 1634 mtawa mkuu wa hekalu la Kojakuji, aliyeitwa Sanei, alianza kupanda miti kando ya njia ya hekaluni. Husimuliwa kwamba kila mche aliusomea sutra (maandiko matakatifu ya Kibudha) moja nzima kabla ya kuendelea na mwingine. Wenyeji wakaja kuongeza katika karne ya 20, na leo iko kama 4,000. Mingi ni ya aina wanayoiita kaede, jina linalotokana na maneno "mkono wa chura", na ukiliweka jani kiganjani utaona kwa nini: dogo, vidole vitano hadi saba vilivyotanuka. Kwenda kuyatazama huitwa momiji-gari, kuwinda majani mekundu. Anayewinda hakati tawi. Yaliyoanguka chini okoteni mtakavyo.

Hapa nirekebishe tena kitu, maana neno "tamasha" linakupa picha ya jukwaa na ngoma. Tamasha la Korankei ni mwezi mzima, tarehe 1 hadi 30 Novemba. Kuna vibanda vya chakula, siku nyingine kuna michezo midogo midogo, na kila jioni jua likizama taa huwashwa kuelekea mlimani mpaka saa tatu usiku. Zaidi ya hapo watu wanatembea taratibu, wananyanyua shingo, wanapiga picha. Kama mama anatarajia shamrashamra za Maulidi, mweleze mapema.

Usiku wenyewe, basi. Simama kwenye daraja jekundu la Taigetsukyo jioni hizo za mwisho wa Novemba. Mwanga unapiga miti kutoka chini, kwa hiyo jani huliangalii likiangaziwa. Unaliangalia mwanga ukipita ndani yake, mishipa yote inaonekana. Mto chini ni mweusi, na ule mlima mwekundu umelala ndani yake kichwa chini. Kila baada ya muda jani moja linaanguka juu ya maji na kupasua ile picha. Nimeliona hilo miaka mingi nikisindikiza wageni na sijachoka nalo.

Ila kuna adui mmoja, naye ni foleni. Barabara kubwa ya kuingia Asuke ni moja, namba 153, na Jumamosi na Jumapili za Novemba inageuka kuwa Ubungo ya zamani. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilipeleka kundi siku ya Jumamosi. Basi kutoka stesheni ya Toyotashi huchukua dakika 45 hivi; sisi tulikaa humo karibu masaa matatu, na bibi mmoja wa Mombasa akaniuliza kwa upole kama tumekuja Japani kutazama taa za breki. Kosa lilikuwa langu, nilijua na nikajifanya sijui. Tangu hapo sipeleki mtu Korankei mwisho wa wiki. Nendeni Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Kutoka Nagoya mnapanda treni inayounganisha moja kwa moja mpaka Toyotashi, kisha basi. Ama mnazungukia Higashi-Okazaki, ambako basi huchukua kama dakika 70. Mkiwahi kufika kabla ya saa tatu asubuhi, vibanda vitakuwa bado vinafunguliwa na ukungu haujaondoka mtoni. Na tafadhali, ratiba ya basi haisomwi kwa saa za Kiswahili: 8:10 ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Wamekosa basi watu wazima kwa hilo.

Magoti ya mama. Watu huambiwa "mji wa milimani" wakafikiri lazima wapande. Iimori ni mlima wa mita 254 tu, lakini njia yake na ile ya hekaluni ina ngazi nyingi za mawe, zenye utelezi majani yakilowa. Hizo mwache kijana apande na simu yake. Uzuri wenyewe uko chini, kwenye njia ya kando ya mto, ambayo kwa sehemu kubwa ni tambarare na matawi yamekutana juu yake. Mama anaweza kuimaliza kwa fimbo, akikaa kila penye benchi. Mgawanye siku: asubuhi majani, mchana akae ndani apumzike, jioni taa. Mkiona ni ndefu, chagueni kimoja, na mimi ningechagua jioni. Jua huzama mapema, saa kumi na dakika 40 hivi, kwa hiyo hamtakesha. Kitu ambacho ningekikwepa ni nyumba ya wageni ya kijadi. Ni nzuri mno, lakini unalala na kula sakafuni, na mwenye magoti mabovu hateswi na kukaa chini, anateswa na kuinuka. Laleni hoteli ya kawaida Toyotashi, Okazaki au Nagoya, kwenye kitanda.

Kuhusu baridi nisikudanganye, mtaisikia. Mchana wa mwisho wa Novemba ni nyuzi 12 mpaka 15, siku ya jua inapendeza kabisa, lakini usiku bondeni hushuka hadi 5 au chini ya hapo. Koti moja zito halisaidii kama nguo tatu nyepesi zilizofuatana, kwa sababu kinachokukinga ni hewa iliyofungwa katikati ya nguo. Avae suruali ya kubana chini ya dera, soksi mbili, kofia au mtandio wa sufu. Kwenye maduka madogo ya kule wanauza vifuko vinavyoitwa kairo; ukikitikisa, unga wa chuma ulio ndani unashika oksijeni na kutoa joto kwa saa nyingi. Kiwekwe juu ya nguo, kisigusane na ngozi, na asilale nacho.

Chakula kinahitaji macho, ila hamtashinda njaa. Kitoweo maarufu cha milima ile ni mchuzi wa nguruwe mwitu, kwa hiyo chungu chochote kinachotokota barabarani muulize kijana kwanza. Utamu wa mahali ni gohei mochi: wali uliopondwa, ukashikizwa kwenye kijiti, ukapakwa miso tamu (rojo ya soya iliyochachushwa) na kuchomwa juu ya makaa mpaka kingo zinashika rangi. Harufu yake utaipata kabla ya kukiona kibanda. Wali hauna tatizo, ila ile miso huenda ikachanganywa na mvinyo wa kupikia, na hili hutofautiana kibanda kwa kibanda. Aulize kama kuna sake au mirin. Kinachouzwa na kisicho na maswali ni viazi vitamu vya kuchoma na njugu kubwa za msituni za kukaanga. Pikeni nyumbani kwa kijana, mbebe, na muwe na fedha taslimu kwa vibanda. Nagoya kuna msikiti, na kuhusu sala kumbuka tu kwamba adhuhuri kule mwezi huo inaingia kabla hata ya saa sita mchana, na magharibi inawakuta bado mko kwenye majani. Wekeni mkeka mdogo kwenye mkoba, mjitenge pembeni ya njia.

Sasa mambo ambayo siwezi kuyamaliza mimi kwa maandishi. La kwanza ni daktari wa mama, aonwe ana kwa ana, na mapema, sio wiki ya kuondoka. Safari ya Dar mpaka Nagoya kwa kuunganisha ndege huchukua zaidi ya saa 20, na kukaa muda huo wote bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu. Daktari ndiye atakayesema kama anahitaji soksi maalumu au zaidi. Baada ya safari, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, hiyo si ya kupaka mafuta, ni ya hospitali saa hiyo hiyo. Kata bima ya safari kabla, kwa sababu mgeni hulipa gharama zote. Dawa zake abebe kwenye pakiti zake, na barua ya daktari, zisizidi za mwezi mmoja, maana zaidi ya hapo hutakiwa kibali. Usimfungashie dawa za mafua hivi hivi: zenye pseudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziruhusiwi kabisa kuingia Japani, na za kikohozi zenye kodeini zina mipaka yake.

La pili ni viza. Nendeni Ubalozi wa Japani Dar es Salaam, mkapate orodha ya sasa kutoka kwao wenyewe. Kwa kawaida watataka mwaliko wa mdogo wako, ratiba ya siku kwa siku, uthibitisho kwamba mna undugu, na jibu lililo wazi la nani analipa. Mwanafunzi asiye na kipato asitegemewe peke yake. Msichelewe, lakini msiwahi kupita kiasi pia: viza ya kuingia mara moja ina uhai wa miezi mitatu tangu itolewe. Kwa safari ya Novemba, mwanzo wa Septemba ni wakati mzuri wa kuanza.

Siwezi kukuahidi siku. Mwaka wenye joto unachelewesha rangi kwa wiki nzima, na upepo wa usiku mmoja unaweza kumaliza kazi ya mwezi. Ndiyo maana nakushauri mfike kama tarehe 14 na kuondoka kama 28 Novemba, mkae kwa kijana mkisubiri mti uamue. Hali ya majani hutangazwa mtandaoni kila baada ya siku chache, na yeye atafute neno moja tu, migoro, yaani sasa ndio wakati wake. Majani yakichelewa, panda basi la kwenda Obara, sehemu nyingine ya Jiji la Toyota, ambako miti ya cheri kama 10,000 ya aina ya pekee hutoa maua Novemba, meupe kwa waridi katikati ya majani mekundu. Hata mwaka wa majani mabaya mama hatarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa tikiti, mpigie mdogo wako umuulize siku gani za katikati ya wiki hana darasa. Halafu mzifute pamoja Jumamosi na Jumapili zote, na tarehe 23 Novemba hata ikiangukia Jumatano, kwa sababu ni sikukuu ya taifa na Nagoya nzima itakuwa kwenye ile barabara namba 153.